Visanduku Tisini na Sita

Sogeeni, na mwenye kikombe akiweke chini kwanza, maana hadithi hii ina wakubwa ndani yake, na wakubwa hawapendi kusikilizwa na mtu anayekunywa.

Palikuwa na nchi iliyoitwa Tambarare. Usiitafute kwenye ramani. Wenyewe wanasema siku ramani inachorwa wao walikuwa semina. Ilikuwa nchi nzuri tu: mvua ilinyesha, kuku walitaga, na Serikali iliwapenda watoto. Iliwapenda hata ikawajengea wizara yao wenyewe, Wizara ya Ukamilifu wa Watoto, jengo la ghorofa tisa ambalo mtoto haruhusiwi kuingia, kwa sababu sakafu ni mpya.

Zamani mtoto wa Tambarare alipimwa kwa mtihani mmoja. Anaingia chumbani, anajibu maswali hamsini, anatoka na namba. Mwenye namba kubwa ana akili, mwenye namba ndogo hana, mambo yamekwisha, watu wanakwenda kula. Ndipo Mheshimiwa Waziri akasafiri kwenda kwenye mkutano ng'ambo. Alikaa huko wiki tatu, na siku ya kurudi alishuka kwenye ndege akilia. Akahutubia taifa pale pale uwanjani, mikoba yake ikiwa bado inateremshwa.

"Ndugu wananchi, tumewakosea watoto wetu. Mtoto si namba. Mtoto ana mikono, ana moyo, ana wimbo, ana woga wake na furaha yake. Hakuna mtoto aliyefanana na mwenziwe. Kuanzia leo, katika ardhi ya Tambarare, ni marufuku kumfanya mtoto kuwa namba."

Watu wakapiga makofi, na walikuwa na haki ya kupiga. Lilikuwa neno la maana, na lau Waziri angeishia hapo akaenda kupumzika, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini hakupumzika. Baada ya miezi miwili ukatoka Waraka wa kurasa mia na thelathini, "Mwongozo wa Mtoto Kamili", na humo mtoto hakuwa namba tena. Alikuwa namba tisini na sita.

*

Katika Shule ya Msingi Mkongojo Waraka ulifika kwa lori. Shule ilikuwa imeomba madawati kwa miaka sita, kwa hiyo watu walipoliona lori walilipokea kwa vigelegele. Madawati hayakuwemo. Yalikuwemo mafaili mia mbili na kumi na mawili, moja kwa kila mtoto, pamoja na kabati la chuma la kuyahifadhia. Kabati likagoma kupita mlangoni. Basi ukabomolewa ukuta wa darasa la pili, kabati likaingia, darasa la pili likatoka. Watoto wakaambiwa wakae nje kwa muda, ubavuni mwa jiko, mpaka Wizara itakapoleta kabati dogo.

Jikoni humo alikuwamo Bi Sikuzani binti Mbaruku, mpishi wa uji. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyesoma hadi darasa la nne halafu akatakiwa nyumbani kulea wadogo zake. Kusoma alijua. Alisoma kama mtu anayechambua mchele, neno moja moja, na jiwe akiliona analitupa.

Alikuwa na desturi moja. Hachoti uji kabla hajamtazama mtoto usoni. Upawa unabaki hewani juu ya sufuria, yeye anatazama, mtoto anatazamwa, halafu ndiyo upawa unashuka. Kwa kutazama huko alijua nani amelala na njaa akamwongeza, nani ana homa akamkalisha karibu na moto, nani amegombana na dada yake njiani akawapa wote wawili kikombe kimoja wagawane mpaka wapatane. Foleni yake haikwenda mbio.

"Bi Sikuzani," Mwalimu Mkuu Bushiri alikuwa akimwambia, "foleni hii itatufikisha adhuhuri."

"Nikichota bila kutazama, mwalimu, nitajuaje nimempa nani?"

Katika foleni hiyo alikuwamo mjukuu wake mwenyewe, Tunu, wa miaka minane, darasa la pili. Mama yake Tunu alikuwa mbali, kwenye mashamba ya chumvi, na mtoto alilelewa na bibi. Nyumbani Tunu alizungumza vizuri kabisa. Alizungumza na bibi yake, na paka, na hata na kinu. Lakini akivuka lango la shule maneno yote yanageuka na kurudi nyumbani kumsubiri. Kwa mwaka mzima na nusu hakuna mwalimu aliyesikia sauti yake.

Majirani walishauri mengi. Mmoja alisema apewe ulimi wa kasuku, mwingine alisema achapwe kidogo. Bi Sikuzani aliwasikiliza wote kwa adabu, akawajibu wote jibu moja: "Maharage hayapigiwi kelele ili yaive."

*

Sasa tusemeni habari za visanduku. Kila faili lilikuwa na visanduku tisini na sita, na kila kisanduku kilipima kipande kimoja cha mtoto. Kisanduku cha saba kilikuwa cha huruma: mtoto aonyeshwe picha ya kuku mgonjwa, mwalimu ahesabu amepepesa macho mara ngapi. Kisanduku cha ishirini na mbili, ushujaa: mtoto aitwe kwa jina ghafla kutoka nyuma. Kisanduku cha hamsini na nane kilikuwa cha ucheshi. Hapo mwalimu alitakiwa kumsomea mtoto kichekesho kilichoidhinishwa, na mtoto acheke ndani ya sekunde nne. Kichekesho chenyewe kilikuwa hiki:

"Sungura alikwenda ofisini. Akaambiwa njoo kesho. Akaja kesho."

Kilikuwa na mwisho wake hapo awali, lakini kamati ya pili iliukata kwa sababu ulimtaja kobe, na ilihofiwa kwamba kobe angeweza kujiona amesemwa.

Watoto wa Mkongojo walisikiliza, wakangoja, wakauliza, "Halafu?" Jibu hilo liliandikwa: Hana ucheshi.

Faili moja lilimla mwalimu siku mbili. Walimu walikuwa watano na watoto mia mbili na kumi na wawili, piga hesabu mwenyewe. Kufundisha kukasimama. Haikuwa amri, hapana, Waraka ulisisitiza kwamba ufundishaji uendelee kwa ari mpya. Ni kwamba hapakuwa na mkono wa kushikia chaki, kwa kuwa mikono yote ilishika kalamu.

Halafu kulikuwa na jambo la utofauti. Wizara ilitambua kwamba watoto wanatofautiana, ikawagawa katika aina tano: Wenye Maneno, Wenye Hesabu, Wenye Viungo, Wenye Nyimbo na Wenye Kutafakari. Kila darasa liwe na kila aina kwa idadi sawa, ili utofauti ufanane nchi nzima. Mkongojo palikuwa na waimbaji wengi kupita kiasi, kwa sababu huko kila Alhamisi kuna ngoma. Basi waimbaji tisa wakaandikwa Wenye Kutafakari, wakakalishwa pembeni na kuombwa wanyamaze.

Na nani alibaki anafundisha? Hakuna aliyetumwa. Lakini darasa la pili lilikuwa limekaa ubavuni mwa jiko, na mpishi wa uji alikuwa mtu pekee shuleni ambaye Wizara ilimsahau kumpa fomu. Mtoto akimuuliza kitu, anajibu. Wa kuandika waliandika kwenye majivu. Wa kuhesabu walihesabu vikombe. Kibwana, mtoto wa fundi viatu, akikaa hajui hata mbili na mbili, lakini akiruka kichura anajua mpaka sita mara sita, basi Bi Sikuzani alimwacha aruke. Hao tisa waliokatazwa kuimba walikuja kutafakari karibu na sufuria, na ikawa wanatafakari kwa sauti.

Wiki tatu baadaye Mwalimu Bushiri alikuja jikoni uso umempauka, faili mkononi.

"Nani amemfundisha Kibwana jedwali la tatu?"

"Amekosea?"

"Hajakosea, ndiyo shida. Faili linasema hajui. Nimeshagonga muhuri. Sasa mtoto anazunguka uwanjani anajua mbele za watu."

"Basi badilisha faili, mwalimu."

"Bi Sikuzani, faili ni la Serikali. Mtoto ni wa fundi viatu. Kati ya hao wawili nani ni rahisi kubadilisha?"

Siku iliyofuata likasomwa tangazo mstarini: mtoto yeyote aliyekwisha kupimwa atulie kama alivyoandikwa, asije akaharibu takwimu. Kibwana akakatazwa kuruka.

*

Habari mbaya ilikuja siku ya Jumatatu, na Mwalimu Bushiri aliileta mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama mlangoni mwa jiko akiukunja na kuukunjua ukingo wa koti lake.

"Ni kuhusu Tunu. Ana visanduku arobaini na kimoja vitupu. Vingi vinataka mtoto ajibu kwa mdomo."

"Atajibu siku yake."

"Mwenye vitupu zaidi ya arobaini anapelekwa Kambi ya Nyongeza. Kule wanamjaza kitaalamu. Mtathmini wa Kanda anakuja na lori baada ya siku sabini kuwachukua wa kuchukuliwa."

"Iko wapi kambi hiyo?"

"Nyuma ya milima. Siku mbili kwa gari. Kutembelewa hairuhusiwi mpaka mtoto ajae."

Bi Sikuzani alikoroga sufuria mara tatu. Mtoto asiyesema na wageni, anapelekwa kuishi na wageni watupu ili aseme. Alilitafuta jiwe katika maneno hayo akaliona, kubwa tu.

"Vitupu vimezidi kimoja tu, mwalimu. Huwezi kukijaza hata cha kuku mgonjwa?"

"Nimemwonyesha kuku mara nne, mama. Haangalii kuku, ananiangalia mimi." Mwalimu akakohoa. "Ni kwa faida yake, Waraka unasema."

"Unasema hivyo ukurasa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Na wa tatu unasemaje?"

Mwalimu Bushiri akatazama paa. "Sote tumeishia wa pili."

"Niazime huo Waraka."

"Una kurasa mia na thelathini, Bi Sikuzani."

"Na mimi nina maharage ya kuchemsha."

*

Akausoma. Kila siku sufuria ya maharage ikikaa motoni, yeye anakaa kigodani, Waraka magotini, kidole chini ya neno. Kurasa mbili kwa sufuria moja. Tunu alikaa ubavuni kwake akisoma pamoja naye kimya, na bibi akifika kwenye neno refu, kidole cha mtoto kinakuja kulikata vipande.

Walipita ukurasa wa kumi unaoeleza rangi za mafaili. Walipita ukurasa wa arobaini wenye picha ya Waziri akitabasamu na mtoto, na wa arobaini na moja wenye picha ile ile bila mtoto. Palikuwa na kurasa tisa za shukrani. Siku zilikatika. Sabini zikawa hamsini, hamsini zikawa ishirini. Jirani mmoja alimwuliza Bi Sikuzani kama ameanza kufunga mizigo ya mtoto. Akajibu, "Bado nasoma."

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, kwenye ukurasa wa mia na kumi na nane, kidole cha Tunu chenye masizi kilitua juu ya mstari mmoja kikakataa kuondoka. Bi Sikuzani akausoma. Akaurudia. Akaweka kuni nyingine, akausoma mara ya tatu.

"Faili ni lazima lifanane na mtoto siku linapofungwa. Mtoto akithibitika amebadilika, faili la awali ni batili na lifunguliwe jipya. Mtoto asihamishwe wakati faili lake likiwa wazi."

Aliyeandika mstari huo huenda alikuwa na mtoto nyumbani, au alikuwa amechoka tu. Haijulikani.

Bi Sikuzani alimtazama mjukuu wake, na Tunu alimtazama yeye. Walikuwa ndani ya lango la shule, kwa hiyo mtoto hakusema kitu, lakini pembe za mdomo zilikuwa zimepanda.

"Kumbe kazi yetu si kubwa, mama," bibi akasema. "Wewe usikae tu kama walivyokuandika."

*

Bwana Sekiondo, Mtathmini Mkuu Msaidizi wa Kanda, alifika na lori saa tatu asubuhi. Alikuwa kijana wa thelathini na kitu, mwenye tai iliyochorwa mtoto anayecheka, saa ya kubonyeza shingoni, na mafaili matupu boksi zima. Wazee walikuwa wamesimama. Aliwapita bila shikamoo, maana ratiba haikuwa na nafasi yake. Lori halikuzimwa.

"Mwenye vitupu ni yupi?"

Tunu akasukumwa mbele. Bwana Sekiondo akafungua faili ukurasa wa ucheshi, akabonyeza saa na kusoma kwa sauti ya tangazo la mazishi: "Sungura alikwenda ofisini. Akaambiwa njoo kesho. Akaja kesho."

Tunu akamtazama. Sekunde nne zikapita. Hata lori lilisikika likingoja.

"Hana. Dereva, fungua nyuma."

"Baba," alisema Bi Sikuzani, akitoka jikoni na upawa wake, "hilo faili si la mtoto huyu."

"Jina si lake?"

"Lake."

"Umri?"

"Wake."

"Basi ni lake, bibi. Nipishe."

"Lilikuwa lake mwezi uliopita. Hebu kisanduku cha thelathini na moja, kinasemaje?"

Bwana Sekiondo alitazama, kwa kuwa mtu aliyezoea visanduku ukimtajia kisanduku hawezi kujizuia. "Hajui nusu wala robo."

Tunu alikuwa ameshaingia jikoni. Alitoka na kibaba cha unga na ungo. Akamimina, akakata fungu kwa kiganja, pande mbili sawa. Akazikata hizo zikawa nne. Akazikata nne zikawa nane, halafu akachukua kaa la moto lililozimika, akageukia ukuta wa jiko na kuandika: nusu, robo, nusu ya robo.

"Na cha kumi na mbili?" bibi akauliza.

Bwana Sekiondo alisoma polepole zaidi. "Hajui kuandika bila kunakili."

Kaa likaendelea ukutani. Tunu aliandika: ukurasa wa 118.

Bwana Sekiondo akautoa Waraka wake kwenye mkoba. Ulikuwa mpya, kurasa zake bado zimeshikana, na ilibidi azitenganishe kwa kucha. Alisoma huku midomo inacheza. Alipomaliza alisoma tena, kama mtu aliyekuta nyumba yake ina chumba asichokijua.

"Mwalimu Mkuu, kifungu hiki mlikijua?"

"Sisi tuliishia..." Mwalimu Bushiri akaanza.

"Ukurasa wa pili. Ndiyo. Hata semina iliishia hapo." Akageuka. "Dereva, zima gari."

*

Akafungua faili jipya. Siku mbili alimpima Tunu, kisanduku kwa kisanduku, na siku ya pili jioni alipokuwa anatafuta muhuri, Tunu akaja na mkeka mdogo aliokuwa amejifunza kuusuka asubuhi hiyo. Kisanduku cha sabini kilikwisha kusema hajui kusuka. Faili likawa batili.

Faili la tatu lilikufa kwa mluzi. La nne, Tunu alijua kukadiria chumvi kwa kiganja. La tano, alijua kuomba radhi kwa mtoto aliyemkanyaga, bila kusema neno, kwa kumpa zamu yake ya kamba. La sita lilikuwa limekaribia kabisa kufungwa, muhuri umeshalowa wino, alipomsaidia Kibwana kusoma kibao cha duka.

Jambo likajulikana kijijini. Mzazi gani anataka mtoto wake afungwe faili? Asubuhi, kisimani, kinamama waliulizana habari kwa namna mpya.

"Wako kabadilika nini leo?"

"Kajua saa. Wako?"

"Wangu kaacha kuogopa mbuzi. Sijui kama wana kisanduku."

"Sema tu, wataongeza."

Fundi viatu aliwapokea watoto sita mchana, wakakata ngozi kwa kipimo. Mzee wa ngoma aliwarudisha wale tisa kwenye kuimba, na mmoja wao, kusema kweli, akaja kubainika kuwa anatafakari. Walimu, kwa kuwa mafaili yote yalikuwa batili na mapya hayajaletwa, wakajikuta asubuhi moja wamesimama mbele ya watoto hawana la kufanya ila kufundisha. Walianza kwa aibu kidogo, kama watu wanaorudi kwa mke wa kwanza.

Bwana Sekiondo akabaki. Kanuni ilimkataza kuondoka na faili likiwa wazi. Alilala kwenye chumba cha kabati, akifunika lile tundu la ukutani kwa turubai. Wiki ya tatu alianza kupanga foleni ya uji asubuhi, nyuma ya darasa la saba, kikombe mkononi. Siku ya kwanza upawa ulipobaki hewani alidhani uji umekwisha.

"Kuna nini, bibi?"

"Nakutazama."

"Mimi sina haja ya kutazamwa."

"Umeamka vibaya. Umepata barua."

Ilikuwa kweli. Wizara ilikuwa imemwandikia kumwuliza kwa nini mtoto mmoja amemchukua wiki tatu. Bi Sikuzani alimwongeza upawa mzima. Tangu siku hiyo akawa anafika foleni mapema.

Faili la kumi na tano alilijaza polepole. La kumi na saba aliliweka pembeni nusu siku akaenda kukaa jikoni, akamtazama Tunu akipanga vikombe, kikubwa kwa mwenye kaka mdogo wa kugawia, kidogo kwa yule anayemwaga. Hakuandika. Hapakuwa na kisanduku, na safari hii hakukitafuta.

*

Siku ya arobaini walikuwa kwenye faili la ishirini. Asubuhi ilikuwa na manyunyu, darasa la pili limejibana ndani ya jiko, Mwalimu Bushiri amesimama mlangoni na chaki sikioni. Bwana Sekiondo alikuwa amekaa juu ya gunia la maharage. Saa ya kubonyeza haikuwa shingoni mwake, Kibwana alikuwa ameiazima ajue anaruka mara ngapi kwa dakika.

"Kisanduku cha hamsini na nane," alisema kwa uchovu. "Tunu, mwanangu, unakijua, nakijua, lakini sheria ni sheria. Sungura alikwenda ofisini. Akaambiwa njoo kesho. Akaja kesho."

Tunu alikuwa ameshika upawa. Aliuinua, ukabaki hewani, akamtazama Bwana Sekiondo usoni, kwa muda mrefu, jinsi bibi yake anavyotazama.

"Akamkuta kobe," Tunu akasema.

Chaki ilianguka kutoka sikioni mwa Mwalimu Bushiri na hakuinama kuiokota.

"Kobe anapanda ngazi za ofisi," Tunu akaendelea, sauti ndogo lakini kavu, isiyotetemeka. "Sungura akamwuliza, mzee, nawe umeambiwa uje kesho? Kobe akasema, hapana, mimi ndiye mkubwa wa ofisi. Ndiyo kwanza naripoti kazini."

Bwana Sekiondo alihesabu sekunde moja. Halafu kikamtoka kicheko, na kilipotoka hakikurudi. Alicheka akashika mbavu, akateleza kutoka juu ya gunia akakaa chini, akacheka na hapo chini. Alimkumbuka mkubwa wake mwenyewe, akaanza upya. Watoto wakacheka kwa kumwona, na dereva wa lori, ambaye siku hizi alikuwa anajifunza kushona viatu, alikuja mbio na nyundo akidhani mtu ameungua.

Alipopata pumzi alifuta machozi kwa tai yake. Akalivuta faili, akaisoma mistari ya mwanzo, uso ukamrudi wa kazi.

"Basi hili nalo limekwenda. Angalia hapa, mstari wa kwanza kabisa: Hasemi mbele ya wageni. Amesema. Amebadilika."

Bi Sikuzani aliinama akausoma mstari huo, neno moja moja.

"Hapo hajabadilika, baba. Hasemi mbele ya wageni, ni kweli, na uache hivyo hivyo." Akachukua upawa kutoka mkononi mwa mjukuu wake. "Ni wewe usiye mgeni tena."

Bwana Sekiondo aliutazama mstari kwa muda. Aligeuza ukurasa, akageuza mwingine, kama anayetafuta mahali pa kuandikia jambo hilo. Mafaili yote yalikuwa ya watoto.

*

Taarifa aliyoipeleka Wizarani ilikuwa na mstari mmoja: Shule ya Mkongojo, tathmini haijakamilika, kwa sababu watoto wapo.

Lori liliondoka siku hiyo hiyo na kabati la chuma mgongoni. Lile tundu la ukutani lilipanuliwa ili litoke, ila safari hii watoto wa Wenye Hesabu na wa Wenye Viungo walipima wenyewe matofali yaliyohitajika kuuziba, na wa Wenye Nyimbo waliimba wakati wa kuyapanga. Kambi ya Nyongeza ilibaki na vitanda vyake vimetandikwa. Dereva aliyelirudisha lori alikuwa wa kukodi. Yule wa mwanzo alikuwa na jozi mbili za viatu hazijaisha.

Jioni Mheshimiwa Waziri alisikika redioni. Alisikitika kutangaza kwamba katika baadhi ya maeneo watoto wameonekana wakiendelea kujifunza katikati ya zoezi la kitaifa, bila kibali, na kwamba kamati imeundwa kuchunguza chanzo. Mwenyekiti wake ataripoti kazini kesho.

Asubuhi yake foleni ya uji ilikwenda polepole kama kawaida. Mwishoni, nyuma ya darasa la saba, alisimama mtu mzima mwenye kikombe, hana tai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Upawa ukabaki hewani.